Fundi Anajibu: Seva iko Kasese, wewe uko Kampala

Mwezi huu mmenijazia sanduku na kitu kimoja tu, seva iko mbali na mwenye seva hajui inaumwa mpaka apigiwe simu na watu wenye hasira. Basi nimeyaweka maswali pamoja. Majina nimetoa nimebakisha miji, na mengine nimeyafupisha maana kuna mtu ameniandikia kurasa nne akianzia shule ya msingi aliyosoma.

SWALI: Fundi habari za saa hizi. Mimi ndio naangalia databesi ya SACCO ya wakulima wa kahawa huku Kasese lakini tangu mwaka jana nimehamia Kampala, kwa hio seva iko kule mimi niko huku. Ni PostgreSQL 14 kwenye Ubuntu 22.04, intaneti ya ofisi ni raota ya laini ya simu. Jumatatu iliyopita makarani wamefika asubuhi hawawezi kuingia kwenye sistimu, wakulima wamepanga foleni na magunia yao nje, mimi napigiwa simu nikiwa kwenye teksi naenda kazini. Kumbe diski ilijaa tangu Jumamosi. Nikamwelekeza karani kwa simu neno kwa neno mpaka ikaamka, jasho lilinitoka. Sasa meneja anataka niwe naiona seva muda wote nikiwa Kampala. Nifanyeje, na je niweke Grafana, programu ya kuchora grafu, pale pale kwenye seva ndio iwe rahisi? (Mtunza databesi, Kasese)

JIBU: Pole sana sebo, na huyo karani mnunulie soda, maana kusomewa amri za Linux kwa simu, "andika sudo, S-U-D-O, weka nafasi, hapana nafasi moja", huku watu wanagonga dirisha, hio si kazi ndogo.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo limebeba mengine yote. Hapana, usiweke pale pale. Ukimfungia askari ndani ya stoo kwa kufuli, siku stoo ikiungua nani atakupigia simu? Mimi hili nililijua kwa aibu. Kuna duka la jumla nilikuwa nalihudumia, nikawawekea dashibodi nzuri kabisa, grafu za rangi rangi, zote ndani ya seva ile ile. Ijumaa jioni kila kitu kijani. Jumamosi kimya, Jumapili kimya, mimi niko Wandegeya nakula rolex yangu najua mambo safi. Jumatatu nafika nakuta mashine imezima tangu Jumamosi saa nne asubuhi, yaka, umeme wa kulipia kabla, iliisha na hakuna mtu aliyenunua yuniti. Mtaani umeme ulikuwepo, majirani wanaangalia mpira! Alati, yaani onyo la monita, haikuja kwa sababu wa kuituma alikuwa amezimika pamoja na mgonjwa, na mimi ule ukimya niliusoma kama afya.

Tangu siku hio kinachoangalia nakiweka nje, mbali, kwenye umeme mwingine na intaneti nyingine, na kazi yake ya kwanza ni kushtuka seva inaponyamaza. Grafu zitakuja baadaye.

Haya, tuanze na njia ya kufika. Fungua ukurasa wa raota yako uangalie anwani ya upande wa nje. Ukikuta inaanzia 100.64 hadi 100.127, au inaanza na 10, ujue kampuni ya simu imewapanga wateja wengi nyuma ya anwani moja na mtu wa nje hawezi kukubishia hodi hata akitaka. Watu wengi hapo ndio wanapoteza wiki nzima wakihangaika kufungua poti kwenye raota, na haifunguki ng'o. Kwa hio geuza mambo, seva ndio ipige kwenda nje. Kodi seva ndogo kwenye klaudi, RAM ya GB 2 inakutosha, weka huko WireGuard, njia ya siri (VPN) ya kuunganisha mashine mbili, weka na Kasese. WireGuard iliingia kwenye kerneli ya Linux toleo 5.6 mwaka 2020 kwa hio hio Ubuntu yako tayari inayo, unaongeza tu vifaa vyake vya amri. Upande wa Kasese sehemu ya kuangalia ni hii:

```
[Peer]
PublicKey = (ufunguo wa seva ya kukodi)
Endpoint = (anwani yake):51820
AllowedIPs = 10.8.0.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Huo mstari wa mwisho usiusahau. Mitambo ya kampuni ya simu ikiona laini imekaa kimya kidogo inaisahau, ukirudi kuipigia kutoka nje hakuna mtu. Hio 25 maana yake kila sekunde 25 Kasese inatuma kipaketi kusema nipo. Na bando usiiogope, kipaketi kimoja ni baiti 60 pamoja na bahasha yake, kwa siku zinaenda mara 3,456, ni kama KB 207. Ongeza na kubadilishana funguo upya kila baada ya dakika mbili hivi, bado laini yenyewe haili hata MB moja kwa siku. Video moja ya karani kwenye WhatsApp inaweza kula zaidi ya mwezi wako mzima.

Kwenye seva ya kukodi weka Zabbix, programu ya kuangalia seva, Kasese weka ajenti wake, Zabbix agent 2, na uichague ile njia ya active ambapo ajenti mwenyewe anapeleka taarifa kwenye poti 10051 bila kungoja kuulizwa. Washa na `EnablePersistentBuffer=1`, itajie faili kwa `PersistentBufferFile`, na muda uongeze kwa `PersistentBufferPeriod` maana usipougusa anatunza saa moja tu, ili intaneti ikikatika saa mbili ajenti aziandike namba kwenye diski, laini ikirudi anazituma zote na grafu yako haibaki na shimo. Alafu alati ya kwanza kabisa kabla ya zote:

```
nodata(/seva-kasese/agent.ping,10m)=1
```

Dakika kumi bila salamu, simu yako ilie. Hakikisha hio agent.ping nayo umeiweka active. Wengine wanaweka dakika mbili, kwa laini ya simu mvua ikinyesha Rwenzori utaamshwa kila usiku bure.

Ndani ya databesi usimpe mlinzi ukubwa. Nimeona watu wanamonita kwa yuza `postgres` mwenye ruhusa zote, na paswadi imeandikwa wazi kwenye faili. Tangu PostgreSQL 10 kuna ruhusa imetengenezwa kwa kazi hii:

```
CREATE ROLE mlinzi LOGIN PASSWORD '...';
GRANT pg_monitor TO mlinzi;
```

Huyo anaona takwimu, majedwali ya wanachama haguzi. Na kwenye pg_hba.conf, faili linaloamua nani aingie, mruhusu kutoka 127.0.0.1 peke yake kwa scram-sha-256, ajenti yuko hapo hapo kwenye mashine hana haja ya kuingilia mlango mwingine. Kumbuka tu faili hilo linasomwa kutoka juu, mstari wa kwanza unaolingana ndio unaamua, kwa hio mstari wako ukiuweka chini ya mwingine wenye `all` utashangaa mbona hausikilizwi.

Sasa diski. Hukuniambia ilijazwa na nini na mimi nina wasiwasi. Inaweza kuwa logi, inaweza kuwa bekapu za miezi sita zilizolundikwa kwenye diski hio hio, hayo unayafuta yanaisha. Lakini kuna moja inakuja kimya kimya. Je, umewahi kujaribu replika, yaani nakala hai ya databesi, labda kwenye laptopu yako, ukaiacha? Kama ulitengeneza slot (alama ya pale replika ilipofikia kusoma) kwa ajili yake, PostgreSQL bado inaitunzia chakula. Kila badiliko linaandikwa kwenye faili za WAL za MB 16 kila moja ndani ya pg_wal, na slot inasema usifute, mwenzangu hajazisoma. Mwenzake alikufa zamani lakini PostgreSQL haijui, inaendelea kulundika mpaka diski iseme basi, na pg_wal ikikosa nafasi databesi yote inalala. Piga hii leo:

```
SELECT slot_name, active,
 pg_size_pretty(pg_wal_lsn_diff(pg_current_wal_lsn(), restart_lsn))
FROM pg_replication_slots;
```

Ukiona active ni f na mbele yake imeandikwa 80 GB, mwizi wako ndiye huyo, mtoe kwa `pg_drop_replication_slot`. Tafadhali sana usiingie pg_wal ukaanza kufuta kwa rm, hata kama karani analia, hata kama meneja amesimama mgongoni. Mle ndani ndimo databesi inasoma ikitaka kuamka baada ya kuanguka, ukifuta unaweza usiipate tena. Na kwa kuwa una toleo 14, weka `max_slot_wal_keep_size`, ilikuja na toleo 13, bila hio slot haina kikomo.

Alati ya diski usiifunge kwenye asilimia 90 kama kila mtu anavyofanya. Diski ya GB 500 ikifika 90 umebakiwa na GB 50, kwa SACCO ndogo hio ni mwaka, kwa slot iliyosahaulika ni usiku mmoja. Zabbix ina kitu kinaitwa timeleft, inaangalia mwendo wa kujaa na kukuambia zimebaki saa ngapi. Iambie ikushtue zikibaki 48. Wewe kwa mfano ungejulishwa kama Alhamisi hivi, siku mbili kabla, ukiwa umekaa, chai mkononi.

Vingine vya kuangalia nitapita haraka. Koneksheni, PostgreSQL kwa kawaida inakuja na 100 na katika hizo 3 zimetengwa kwa mkubwa (superuser, yuza mwenye ruhusa zote), kwa hio watu wako wana 97, ukifika 80 anza kuuliza maswali. Na zile zinazoitwa idle in transaction, hizi nazichukia binafsi: karani anafungua fomu ya mkulima, programu inaanza muamala, inafunga mstari, karani anaenda kula katogo. Kuanzia hapo kila anayetaka kugusa akaunti ile anasubiri, na wewe Kampala CPU unaiona iko chini kabisa unasema seva imepumzika. Hesabu zilizo wazi zaidi ya dakika 5, ukizoea tabia yao utaweka `idle_in_transaction_session_timeout`.

La mwisho, UPS, ile betri ya akiba. Kama ina waya wa USB weka NUT, programu ya kuisoma, ukipiga `upsc` unaona `ups.status: OL` umeme ukiwepo, na `OB` ikianza kula betri. Peleka hio namba Zabbix pamoja na `battery.charge`, na ikifika LB (betri karibu kuisha) seva izimwe kwa adabu kabla betri haijaisha. Ya yaka sijapata njia ya kuimonita, nimeweka tu mtu wa kusoma mita kila Ijumaa saa kumi na kunitumia picha.

SWALI: Mimi sikusumbuka na mambo mengi, ofisi yetu ya kutoa mizigo forodhani hapa mpakani tuna faiba na anwani ya kudumu, nikafungua poti 5432 kwenye raota nikiwa nyumbani naangalia databesi na pgAdmin kwenye laptopu, miezi mitatu poa kabisa. Sasa wiki hii sistimu imekuwa nzito sana, nikiangalia top naona kitu kinaitwa kdevtmpfsi kinakula CPU asilimia 390. Hio ni sehemu ya PostgreSQL? Niiongezee RAM? (Msomaji, Busia)

JIBU: Ndugu yangu, kaa chini kwanza. Hio si PostgreSQL, hao ni wageni wanachimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wako. Jina wamelifananisha na kdevtmpfs ambayo ni ya Linux kweli, wameongeza i moja mwishoni ili upite.

Fungua logi ya databesi utaona mwenyewe mistari ya

```
FATAL:  password authentication failed for user "postgres"
```

mamia kwa maelfu, mchana na usiku, kisha mahali fulani inakoma. Hapo inapokoma ndipo waliipata paswadi. Poti 5432 ikiwa wazi haihitaji mtu akujue, kuna programu zinazunguka intaneti yote zikigonga kila mlango. Na superuser wa PostgreSQL ana amri ya `COPY ... FROM PROGRAM` inayoendesha chochote kwenye mashine, ilikuwepo tangu toleo 9.3, ni kazi halali kabisa ya databesi, hao wanaitumia kupakua mzigo wao. Mwaka 2020 watafiti waliandika kirusi cha namna hii wakakiita PGMiner, na chako naona ni jamaa zake.

RAM hapana. Funga poti kwenye raota sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Alafu angalia `crontab -u postgres -l`, ndiyo ratiba ya kazi zinazojiendesha, nina hakika utakuta mstari unaoshusha kitu kutoka anwani usiyoijua kila dakika, ndio maana ukikiua kinarudi. Lakini usijidanganye kwamba ukifuta huo umemaliza. Toa data kwa pg_dump, peleka kwenye mashine iliyosimikwa upya, badilisha paswadi zote, piga `\du` uone kama wamejiongezea superuser wao. Na zungumza na bosi wako leo, kwenye databesi hio kuna hati za watu.

Ukishajenga upya, `listen_addresses` ibaki localhost, na ukitaka pgAdmin ukiwa nyumbani pitia SSH (mlango salama wa kuingia seva ukiwa mbali) kwa ufunguo, paswadi ya SSH izime:

```
ssh -L 5433:localhost:5432 wewe@seva
```

Ukiunganisha pgAdmin kwenye localhost 5433 ni kama umekaa ofisini. Hio SSH nayo ipitishe ndani ya WireGuard kama nilivyomwambia wa Kasese, raota yako ibaki bila mlango wa SSH wala wa databesi kwa nje.

SWALI: Fundi mimi nina shida ya kinyume. Nimeweka monita ya MySQL ya duka letu la dawa la jumla, inatuma Telegram. Usiku mmoja nimepata meseji 212! Mke wangu amesema ama monita ama yeye. Nikazima sauti. Juzi MySQL imekufa kweli na meseji ilikuja, ilikuwa ya 40 kwenye foleni, sikuiona. Na pia bosi anasema saa kwenye meseji si za Uganda. (Arua)

JIBU: Mke wako ana haki. Nimeangalia picha za simu ulizotuma, 23:01 CPU juu, 23:03 CPU sawa, 23:04 CPU juu, hivyo hivyo mpaka 23:40. Hio ni mysqldump yako inafanya bekapu, kila usiku, saa ile ile. Umeajiri mtu akuamshe kukuambia kwamba mlinzi wa zamu anatembea.

Na hapo hapo jibu la bosi wako. Seva ya kukodi inatumia saa ya UTC, sisi tuko saa tatu mbele. Kwa hio seva inasema 23:00, simu yako inasema 02:00, bosi anasema saa nane usiku, na wote watatu wako sahihi. Seva piga `timedatectl set-timezone Africa/Kampala`, kwenye Zabbix nako kuna mahali pa kuchagua saa za eneo. Ya kumfundisha Zabbix kusema saa nane bado.

Gawanya alati kwa swali hili, nikiamka sasa hivi kuna kitu nitafanya? Seva imenyamaza, ndio. MySQL haijibu, ndio. Diski inaisha kabla ya kucha, ndio. CPU juu kwa dakika mbili, utafanya nini, utaipepea? Hizo ziende kwenye kikapu cha asubuhi, uzisome na chai, na hata asubuhi ziwe zimedumu dakika 15 ndio ziandikwe. Alafu Zabbix ina utegemezi kati ya alati, tumia. Umeme ukikatika seva, MySQL, tovuti ya ndani na printa vyote vinalia kwa wakati mmoja kana kwamba ni misiba minne, na wewe unahitaji kusikia mmoja tu, kwamba laini ya Arua imekufa.

Zile chache za kuamsha usizitume kwa Telegram peke yake. Bando yako ikiisha saa sita usiku Telegram haiji, SMS inakuja. Tumia huduma ya SMS inayopokea ujumbe kutoka kwenye seva, ukituma tano kwa mwezi gharama huioni. Kwenye simu ipe namba hio mlio wake peke yake, mbaya, ule wa king'ora.

Kitu kingine nilikiona Januari 2021, intaneti ya nchi nzima ilipozimwa kuanzia mkesha wa uchaguzi mpaka tarehe 18. Monita zangu za nje zilisema kila seva ya Uganda imekufa, wakati ndani ya maofisi makarani wanafanya kazi kwenye mtandao wa ndani kama kawaida, na bekapu za kwenda nje zimesimama siku zote hizo na hakuna wa kuniambia. Tangu hapo naacha na kiskripti kidogo cha ndani, kinaandika hali ya diski na bekapu kwenye karatasi ya printa kila asubuhi saa mbili. Watu wananicheka. Sawa tu.

Na kuhusu MySQL kufa, kwenye logi uliyoambatanisha mimi sioni kufa, naona `Too many connections`. Ilikuwa hai, imejaa tu. Kwa kawaida inakubali 151 na moja ya ziada kwa mkubwa. Weka `Threads_connected` kwenye grafu, na angalia `Max_used_connections` inakuonyesha mlipofika juu kabisa tangu iwashwe. Kama ni 152 ujue mlijaza mpaka kiti cha mkubwa. Kabla hujapandisha kikomo tafuta nani anafungua koneksheni bila kufunga, nakisia ile programu ya simu za mawakala.

SWALI: Zabbix au Prometheus? (Mbale)

JIBU: Kwa seva mbili tatu, Zabbix, ina kila kitu ndani, na ni ya Walatvia imekuwepo tangu 2001 kwa hio ukikwama kuna mtu alishakwama kabla yako. Prometheus ilianzia SoundCloud 2012, ni nzuri sana ukiwa na mashine nyingi, lakini yenyewe ndio inaenda kuchota namba kwenye kila mashine, poti 9100 kwa mashine na 9187 kwa PostgreSQL, kwa hio lazima ifike mpaka kule ndani na kwa laini zetu za simu inabidi WireGuard iwe imesimama vizuri. Pia usipoibadilisha inatunza siku 15 tu, utakuja kutafuta msimu uliopita hutaupata.

SWALI: Mkurugenzi wa kliniki yetu ameipenda dashibodi mpaka anataka iwekwe kwenye TV ya mapokezi wagonjwa waone tuko kisasa. Iko sehemu inaonyesha kweri (maswali ambayo programu inaiuliza databesi) zinazoendelea. Kuna ubaya? (Nyabo mmoja, Gulu)

JIBU: Upo nyabo, mkubwa. Kweri zinazotoka pg_stat_activity zinakuja kama zilivyoandikwa, na kama programu yenu haitenganishi kweri na data zake, mtu ameketi anasubiri dawa atasoma kwenye TV `WHERE jina = '...'` na jina ni la jirani yake, na pembeni kipimo alichofanya. Uganda tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, hata isingekuwepo bado ni aibu. Mpe mkurugenzi TV yenye grafu mbili, umeme na kasi. Wewe mwenyewe ukitaka kujua kweri nzito tumia pg_stat_statements, kwa SELECT na INSERT na wenzao inaficha thamani inaweka $1 na $2, unaona umbo bila majina. Na dashibodi yenyewe isifunguke kwa kila mwenye anwani yake.

SWALI: Bekapu yangu naimonita hivi, faili la leo likiwepo Zabbix kijani, lisipokuwepo nyekundu. Mwaka mzima kijani. Inatosha? (Jinja)

JIBU: Piga `ls -l` kwenye lile folda kabla hatujaendelea. Nauliza kwa sababu kuna mteja wangu alikuwa na kijani kama hiki chako, tukaenda kuangalia, mafaili yote yapo, tarehe sahihi, kila moja lina baiti 20. Ishirini. Gzip ukiipa kitu kitupu inakupa faili halali kabisa la baiti 20. Amri ilikuwa `pg_dump sacco | gzip > leo.gz`, mtu alibadilisha paswadi, pg_dump ikagoma kuingia, gzip ikafunga hewa kwa uaminifu, na kwa kuwa Linux inasikiliza jibu la wa mwisho kwenye mstari, kazi ikahesabiwa imefanikiwa. Miezi minne.

Kwa hio juu ya skripti weka `set -o pipefail`. Kwenye Zabbix monita umri wa faili, monita na ukubwa wake, na likishuka chini ya nusu ya la jana likuamshe. Na mara moja kwa mwezi lirudishe kwenye mashine nyingine uhesabu mistari ya jedwali moja unalolijua, mimi huwa nahesabu miamala ya jana yake nalinganisha na kitabu cha karani.

Ukishaona hio namba ya `ls -l` niandikie. Kama ni 20, barua iache, nenda kwanza kapige pg_dump kwa mkono sasa hivi, mashine ingali hai.